Mkojo Unaovuja Baada ya Upasuaji wa Tezi Dume: Jua Kwanza Unavuja kwa Namna Gani

Mpira wa mkojo ukishatolewa, mwanamume hutarajia mambo mawili: mkojo utoke bila kukamua, na ukae ndani mpaka aamue mwenyewe. La kwanza mara nyingi huja siku hiyohiyo. La pili huchelewa, na ndiyo maana utamwona mtu anarudi Kiboroloni ya Moshi au Sakina ya Arusha amefunga sweta kiunoni mchana wa jua kali.

Kuvuja huko hakumaanishi kwamba upasuaji umeharibika. Mkojo una koki mbili. Ya juu iko kwenye shingo ya kibofu na hujifunga yenyewe, wewe huiongozi. Ya chini iko chini ya tezi dume, na hiyo unaweza kuibana kwa hiari, kama unavyobana ushuzi mbele za wakwe. Tezi yenyewe imekaa katikati ya hizo mbili. Fikiria chungwa. Kwa uvimbe wa kawaida wa uzeeni, daktari hukwangua kupitia njia ya mkojo, au hufungua tumbo akatoa nyama ya ndani, ganda likabaki. Kwa saratani huondoa chungwa zima na ganda lake, kisha akaunganisha kibofu na njia ya mkojo kwa nyuzi. Kwa vyovyote koki ya juu huguswa. Kazi yote sasa inaiangukia koki ya chini, ambayo miaka yote hiyo ilikuwa msaidizi tu.

Kwa hiyo soma karatasi yako ya kuruhusiwa ujue ulifanyiwa upasuaji gani. Aliyetolewa uvimbe wa kawaida mara nyingi huona nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12, na kuvuja kwa kudumu kwake ni nadra. Aliyeondolewa tezi yote kwa ajili ya saratani ahesabu miezi, kwa kawaida kati ya 3 na 12. Usijilinganishe na jirani yako wa wodini kabla hujajua yeye alifanyiwa ipi.

Namna nne za kuvuja

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanasikia "fanya mazoezi", wanafanya, na hali haibadiliki kwa sababu tatizo lao halikuwa la msuli.

Ukivuja unapokohoa, kupiga chafya, kuinuka kwenye kiti, kubeba ndoo au kushuka mteremko, lakini usiku umelala unakuwa mkavu, koki ya chini ndiyo dhaifu. Hiyo dawa yake kubwa ni mazoezi.

Ukishikwa ghafla, ukakimbia, ukachelewa hatua tatu kabla ya mlango wa choo, kibofu chenyewe ndicho kinachojikunja bila ruhusa. Kwa miaka kilikuwa kinasukuma dhidi ya tezi iliyoziba, kikakaza misuli, na sasa mlango umefunguliwa lakini hakijazoea. Baridi ya Arusha ya mwezi wa sita na wa saba huzidisha hali hii, hasa ukitia mikono kwenye maji ya bomba asubuhi.

Ukimaliza kukojoa, ukafunga zipu, kisha matone yakalowesha suruali, hayo ni mabaki yaliyobaki kwenye kona ya njia ya mkojo nyuma ya korodani. Ni kero ndogo na ina ufumbuzi wa sekunde kumi, tutaufikia.

Ya nne ndiyo ya hatari. Mkojo unadondoka kidogokidogo mchana na usiku, ukienda chooni unatoka uzi mwembamba au hautoki kabisa, na chini ya kitovu pamejaa pakikandamizwa panauma. Hapo kibofu hakivuji kwa udhaifu, kinafurika. Kuna kovu limeziba njia, au kibofu kimeshindwa kusukuma. Mazoezi ya kubana hayatakusaidia hapa, na dawa za kutuliza kibofu zitakuumiza. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana mkojo uliojaa muda mrefu hurudi nyuma na kuharibu figo. Nenda haraka vilevile ukiwa na homa na kutetemeka, ukitoa mabonge ya damu, mkojo ukitokea kwenye kidonda cha tumbo, au miguu ikianza kufa ganzi pamoja na kuvuja.

Kovu hilo lina tabia ya kuja kimyakimya. Mtu anakuwa amepona vizuri, halafu kwenye mwezi wa pili au wa nne mkojo unaanza kuwa mwembamba, anasema ni uzee. Mkojo uliokuwa na kasi ukipungua kasi baada ya upasuaji, rudi kwa daktari aliyekupasua.

Jagi, daftari na mizani

Kabla ya kuanza lolote, andika kwa siku 3 mfululizo. Chukua jagi la plastiki lenye alama za mililita, liwe la kazi hiyo tu. Kila ukienda haja ndogo pima, andika saa na kiasi. Kila ukivuja andika ulikuwa unafanya nini. Andika pia ulichokunywa. Mstari mmoja unaweza kuwa hivi: "Saa 4 asubuhi, ml 90, nilishikwa ghafla, chupi imelowa, nilikuwa nimekunywa chai vikombe viwili."

Sasa soma daftari lako. Ukiona kila safari ni ml 60 hadi 100 na safari zenyewe ni 14 kwa siku, kibofu kimezoea kutolewa kabla hakijajaa. Ukiona ml 300 hadi 400 kila baada ya saa tatu na kuvuja ni kwenye kikohozi tu, kibofu ni kizima, tatizo ni koki. Jumla ya saa 24 ikipita lita 3, ama unakunywa kupita kiasi ama sukari iko juu, kapime. Mkojo wa usiku ukizidi theluthi moja ya jumla yote, angalia miguu jioni: kama imevimba, maji yaliyokaa miguuni mchana ndiyo yanayorudi ukilala. Wakati wa alasiri inua miguu juu ya stuli kwa muda wa saa moja au mbili, na umwambie daktari, kwa sababu moyo na dawa za presha huingia humo.

Kwa kujua kama unapona, mizani ya jikoni inasema kweli kuliko hisia. Pima pedi kavu. Kusanya zote za saa 24 kwenye kopo lenye mfuniko, zipime, toa uzito wa zilivyokuwa kavu. Gramu 1 ni sawa na mililita 1 ya mkojo. Fanya hivyo siku moja tu kila mwezi. Aliyetoka gramu 350 hadi 120 anaendelea vizuri, hata kama bado anajiona amelowa.

Zoezi lenyewe

Zoezi hili lilienezwa na daktari Mmarekani Arnold Kegel mwaka 1948, tena kwa ajili ya wanawake waliojifungua, na ndiyo maana wazee wengine wakilisikia hulicheka. Msuli hauna habari na hilo. Unao, na ndio uliobaki kukulinda.

Kama bado hujapasuliwa, jifunze sasa, wiki chache kabla. Kama mpira bado uko ndani, usifanye. Kubana juu ya mpira kunachubua njia na kukifanya kibofu kijikunje kwa maumivu. Anza siku mbili tatu baada ya mpira kutolewa, au pale daktari atakaposema.

Lala chali, magoti juu, nyayo zimekanyaga godoro. Weka vidole viwili nyuma ya korodani, kwenye ile nafasi kabla ya njia ya haja kubwa. Sasa fikiria unakata mkojo katikati, na papo hapo unavuta uume kwa ndani, kama mtu aliyeingia kiunoni kwenye maji ya mto utokao mlimani. Chini ya vidole utahisi nyama inakaza na kunyanyuka kuelekea ndani. Ukisimama mbele ya kioo bila nguo utaona shina la uume linarudi nyuma kidogo na korodani zinapanda. Usipoona hivyo, bado hujaupata.

Makosa ni yaleyale kwa karibu kila mtu. La kwanza ni kuzuia pumzi. Hesabu kwa sauti na hutaweza kuizuia. La pili ni kubana makalio. Weka kiganja kwenye kalio moja, likiwa gumu acha uanze upya. La tatu ni kuvuta tumbo lote ndani. La nne ndilo baya kuliko yote: kusukuma chini kama mtu mwenye choo kigumu. Nyama ikikujia vidoleni badala ya kunyanyuka, unafanya kinyume, na ukiendelea miezi mitatu hivyo utavuja zaidi ya ulivyoanza.

Wiki mbili za kwanza bana sekunde 3 hadi 5, achia kabisa kwa sekunde 10, rudia mara 10. Hiyo ni awamu moja, na kwa siku zitoshe awamu tatu: kabla ya kutoka kitandani, mchana, na kabla ya kulala. Kuachia ni nusu ya zoezi. Msuli usiolegea vizuri hauna nguvu ya kubana tena. Kila awamu umalizie na mibano 10 ya haraka, bana na achia, kwa sababu kikohozi hakikupi sekunde tano za kujiandaa. Wiki ya tatu fanya umekaa, ya tano umesimama, na polepole ongeza mpaka ufike sekunde 10. Msuli ukianza kutetemeka kwenye mbano wa saba, basi kwako saba ndiyo awamu. Mwenye pupa ya kufanya 200 kwa siku atashangaa jioni anavuja kuliko asubuhi, naye ameuchosha mwenyewe. Hata asiye na pupa huvuja zaidi alasiri, hiyo ni kawaida ya msuli unaojifunza kazi.

Usijizoeze kwa kukata mkojo chooni kila siku. Mara moja kwa kuutambua msuli inatosha. Ukiizoea, kibofu hujifunza kutomaliza, na mkojo unaobaki huleta maambukizi.

Zoezi la kitandani lisipoingia kwenye maisha halina faida. Bana kwanza, ndipo ukohoe. Bana, ndipo uinuke kwenye benchi la kanisa. Bana, ndipo ushuke daladala, ndipo uinue ndoo, na achia baada ya hapo. Wa Machame au Marangu ajue kwamba kushuka mteremko kunavujisha kuliko kupanda. Afupishe hatua na abane kwenye kila kushuka kwa ghafla. Kuhusu mizigo, wiki 6 za kwanza usibebe mkungu wa ndizi wala debe, na bodaboda kwenye barabara ya mawe iache pia, kwa sababu kidonda cha ndani bado kinaweza kutoka damu.

Wiki 6 hadi 8 zikipita bila mabadiliko yoyote kwenye mizani, omba kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia akuangalie unavyobana. Moshi, hospitali ya rufaa ya KCMC ina madaktari bingwa wa mkojo na fiziotherapia pia. Usingoje kuambiwa, uliza mwenyewe. Mazoezi yenyewe yaendelee miezi 6 hadi 12, kisha awamu moja kwa siku kwa maisha.

Anayeshikwa ghafla

Kukimbia ndiko kunakokumwaga. Ukishikwa, simama au kaa, bana haraka mara tano au sita, vuta pumzi taratibu, ngoja wimbi lipite, ndipo utembee kwenda chooni kama mtu asiye na haraka. Wimbi hupita, ingawa mara za kwanza utadhani halipiti.

Pamoja na hilo, ongeza muda kati ya safari. Kama daftari linaonyesha unakwenda kila dakika 60, lenga 75 kwa wiki nzima, kisha 90, mpaka ufike saa tatu au tatu na nusu. Acha ile tabia ya kwenda "kwa tahadhari" kila unapopita karibu na choo. Isipokuwa kwa safari ndefu: Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, na foleni haina huruma, nenda kabla ya kupanda gari.

Watu hupunguza maji wakidhani watavuja kidogo. Mkojo mzito wa njano iliyokolea hukiwasha kibofu, kikajikunja zaidi, na choo kikawa kigumu, na kukamua choo kunalegeza msuli uleule unaoufundisha. Kunywa lita 1.5 hadi 2 kwa siku, ukihesabu uji, mtori na maziwa. Punguza chai na kahawa mpaka kikombe kimoja cha asubuhi. Tunajua ni neno gumu kumwambia mtu wa Kilimanjaro, lakini jaribu wiki mbili na daftari litakuonyesha. Mbege na bia ziache kwa sasa: huongeza mkojo na hulegeza koki kwa pamoja. Acha kunywa saa mbili au tatu kabla ya kulala. Mboga za majani, parachichi na ndizi mbivu zitakusaidia choo.

Matone ya mwisho

Ukimaliza kukojoa, ngoja kidogo. Weka ncha za vidole vitatu nyuma ya korodani, kandamiza juu kwa upole, kisha vutia vidole mbele kuelekea shina la uume, kama anayesukuma dawa ya meno kwenye mrija. Rudia mara mbili, pukuta, vaa. Kukamua uume wenyewe hakusaidii, kwa sababu mkojo haujafika huko.

Kujikinga wakati unasubiri

Pedi za wanaume ni adimu madukani. Wiki ya kwanza tumia pampasi za watu wazima. Kuvuja kukipungua, pedi ndefu ya kike ya usiku inatosha. Ibandike mbele zaidi, ndani ya chupi ya kubana. Boksa pana huiacha iteleze, na ndipo watu wanapodai pedi haifanyi kazi. Asiyemudu anaweza kukunja taulo jepesi la pamba mara tatu nne. Lisuuzwe kwa maji baridi kwanza, kisha sabuni, lianikwe juani. Pedi usitupe kwenye choo cha maji.

Ngozi ioshwe kwa maji na sabuni isiyo kali, ikaushwe kwa kugusagusa. Vaselini iwe nyembamba sana. Ikizidi inaziba pedi isinyonye. Ukiona wekundu unaowasha wenye vipele vidogo pembeni, hiyo ni fangasi, na inataka dawa ya fangasi. Krimu za kuchubua au za mzio zitaificha, kisha itapanuka.

Anayevuja sana na ana safari au msiba wa kukaa kutwa anaweza kutumia mpira wa nje, unaovikwa uume kama kondomu na kuunganishwa na mfuko wa mguuni. Upimwe saizi, nywele zikatwe si kunyolewa, ubadilishwe kila baada ya saa 24. Usifunge kamwe kwa uzi au rababendi, maana uume hukosa damu na kuoza. Kibano cha uume nacho kipo: kifunguliwe kila saa mbili, kisivaliwe usiku, na asivalishwe mzee mwenye usahaulifu au aliyepoteza hisia.

Kwa Mwislamu anayevuja bila kukoma, yeye ni mwenye udhuru: anajisafisha, anaweka kinga, anatawadha wakati wa sala ukishaingia, anasali bila kuchelewa. Hakuna sababu ya kuacha msikiti. Imamu atakueleza kwa undani. Na kwa wanandoa, tone linaweza kutoka wakati wa kilele. Kojoa kabla, na kondomu humaliza suala.

Dawa na upasuaji wa pili

Dawa za kutuliza kibofu, kama oksibutinini, tolterodini na solifenasini, humsaidia anayeshikwa ghafla. Hazimsaidii anayevuja kwa kikohozi. Zinakausha mdomo, zinafunga choo, na kwa wazee oksibutinini inaweza kuvuruga akili, kwa hiyo usinunue duka la dawa kwa kusikia. Kwanza mkojo upimwe maambukizi, na ipimwe kiasi kinachobaki kibofuni baada ya kukojoa. Mkumbushe pia daktari kama bado unameza tamsulosini ya kabla ya upasuaji, maana kazi yake ni kulegeza koki ya juu, na huenda huihitaji tena. Dawa ya presha inayokojoza mezwe asubuhi, si jioni.

Ukibaki unavuja sana baada ya miezi 6 hadi 12 ya mazoezi ya kweli, kuna upasuaji. Mkanda wa kuinua njia ya mkojo huwafaa wanaovuja kidogo au wastani. Kwa wanaovuja sana kuna koki ya bandia: bangili laini inayozunguka njia ya mkojo, kifuko cha maji tumboni, na pampu ndogo ndani ya mfuko wa korodani. Ukitaka kukojoa unaminya pampu, bangili inalegea, na baada ya dakika chache inajifunga yenyewe. Huanza kutumika kama wiki 6 baada ya kuwekwa, si siku hiyo. Ni ghali, na hupandikizwa na daktari mwenye uzoefu nayo tu, kwa hiyo uliza mapema gharama na mahali. Anayepandikizwa abebe kadi inayosema hivyo na familia yake ijue, kwa sababu muuguzi wa zamu ya usiku akimsukumia mpira wa mkojo bila bangili kufunguliwa, anaichana njia ya mkojo.